Pengo Katikati ya Benchi

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri, lakini watu walikwisha kulisahau. Walimwita Mama Vifungo. Ukimpelekea shati lililokatika kifungo kimoja, alikukazia na vingine vyote bila kuulizwa. Alisema kifungo kimoja kikianguka, wenzake wako njiani.

Miguu yake ilipooza akiwa na miaka minne, baada ya homa ya siku tatu. Baba alimbeba begani kwenda shule mpaka mgongo ukamkatalia. Ndipo mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na miaka kumi tu, akaokota vyuma vya kitanda kibovu na magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto, akaunda kigari. Kilikuwa kinapiga kelele kama mashine ya kusaga, na kikipata kona kilikataa kukata, lakini kilimfikisha dada mtu darasani mwaka mzima. Toka hapo yule kijana hakuacha tena vyuma. Alipokua akawa fundi wa kuchomelea, wakamwita Cheche, na kila kiti cha magurudumu alichokalia dada yake, hata kile cha msaada kilichotoka mbali, kilipita kwanza karakanani kwake kikazwe, kipunguzwe, kiongezwe. Mama Vifungo alikuwa akisema kwamba Mungu alimnyima miguu miwili akampa mdogo mtu mwenye mikono minne.

Alishonea kwenye baraza ya duka la dawa, mbele ya geti la hospitali kubwa ya mji, kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Alikuwa amekaa hapo miaka kumi na tisa. Kutoka barazani aliuona uwanja wote wa hospitali: mlango wa mapokezi wenye ngazi tatu, choo cha nje, na kibanda cha kungojea kilichoezekwa bati, chenye mabenchi manne marefu ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu.

Mabenchi yale hayakuwa ya kukalia tu. Hospitali ilikuwa na vitanda vya wagonjwa, lakini haikuwa na hata mkeka wa wale wanaowauguza. Mtu alikesha amekaa kando ya kitanda cha mwanawe au mumewe, na asubuhi madaktari walipoanza kupita, wote walitolewa nje. Walikuja kibandani, wakajinyoosha kwenye mbao, khanga usoni, wakalala usingizi wa kuiba mpaka saa ya kurudi wodini. Hakuna aliyekuwa anamsumbua mwenzake. Mrefu alipewa benchi la mwisho, kwa sababu hapo miguu yake haikuzuia njia.

Kati yao alikuwapo bibi mmoja mwembamba, anatoka mbali, ambaye binti yake aliteleza akavunjika nyonga. Mguu wa binti ulikuwa umefungwa kwenye kamba yenye uzito, na daktari alikuwa amesema wataondoka baada ya miezi mitatu, labda minne. Bibi alilala kibandani saa mbili kila siku, kisha akaja barazani kwa Mama Vifungo kumkunjia nguo zilizokwisha. Hakuombwa. Alisema mikono isiyo na kazi inamfanya afikirie mambo mabaya. Alikunja shati taratibu, kama anayemlaza mtoto, na wakati wa kukunja walizungumza habari za waume, ambao wote wawili walikuwa wamewazika, na walicheka zaidi kuliko ilivyopasa wajane kucheka.

Basi siku moja akaja afisa kutoka manispaa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, shati jeupe, na Mama Vifungo aliona mara moja kwamba mkono wa kushoto wa shati lile umeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka. Afisa alichuchumaa ili macho yao yawe sawa, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi. Akamweleza kwamba hospitali inataka kuwa rafiki wa watu wenye ulemavu, kutakuwa na mkutano, na wao hawataki kuamua mambo wenyewe ofisini.

"Mama, sisi tunataka sauti yako," alisema.

Katika miaka yake hamsini na mmoja, Mama Vifungo alikuwa ameulizwa vipimo vya watu, tarehe ya kumaliza nguo, na kama kuwa hivyo kunauma. Sauti yake haikuwahi kutakwa na mtu. Jioni ile hakushona. Alikaa akijifunza maneno ya kusema, akimsikilizisha bibi, naye bibi akamwambia asiseme mengi, aseme mawili, kwa sababu wakubwa hawabebi zaidi ya mawili.

Akasema mawili. Mkutano ulifanyika ukumbini, watu kama thelathini, na zamu yake ilipofika aliwaambia kwamba mlango wa mapokezi una ngazi tatu, na kila akiumwa hubebwa na wanaume asiowajua kama gunia la mkaa, na mmoja wao siku zote hushika pasipostahili kushikwa. La pili, mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti chake, kwa hiyo siku anayokuja hospitali hanywi maji tangu alfajiri. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Afisa aliandika. Ikaletwa karatasi ya mahudhurio, akatia sahihi, akapigwa picha.

Alirudi barazani anang'aa. Alimwambia bibi kwamba watajenga mteremko mlangoni, na choo kitapanuliwa.

Baada ya wiki tatu lori likaingia getini. Halikuleta mchanga wala saruji. Lilileta mabenchi. Yale ya mbao yaling'olewa, yakarushwa nyuma ya jiko la hospitali yawe kuni, na pahali pake yakafungwa manane ya chuma yaliyopakwa rangi ya buluu. Kila benchi lilikuwa na kiti cha watu wawili upande huu, kiti cha watu wawili upande ule, na katikati pengo tupu la upana wa kiti cha magurudumu. Sakafuni, ndani ya pengo, ilichorwa alama nyeupe ya mtu aliyekaa kwenye gurudumu.

Kazi ile ilikuwa ya Cheche. Mama Vifungo alijua kwamba mdogo wake amepata kazi ya manispaa na alimwombea heri, ila Cheche hakuwa amesema ni kazi gani. Alipoyaona mabenchi aliutambua mkono wake kwenye viungo, laini, bila matone. Alishangaa kidogo. Mtu mwenye kiti chake mwenyewe, alijiambia, hahitaji kuachiwa pa kukaa. Anahitaji kuachiwa pa kupita. Lakini akafikiri kwamba huu ni mwanzo, mteremko utakuja. Na kusema kweli, alifurahi. Alikuwa amekwisha kuvishwa kilemba cha ukoka, na kilemba kile kilimpendeza.

Siku ya uzinduzi alivaa gauni jipya alilojishonea, la kola ndefu. Wakamsukuma mpaka kwenye pengo la benchi la kwanza. Afisa akakaa kulia, mganga mkuu akakaa kushoto, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Pengo lilikuwa la kipimo hasa, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Vyuma vya pande zote mbili vilibana magurudumu yake, vidole havikupata pa kupita, asiweze kujisukuma mbele wala nyuma. Watu walipoondoka kwenda kunywa soda, yeye alibaki amekwama pale kama kabati. Askari wa getini na mfagizi walimvuta kwa nguvu, na uma wa gurudumu dogo la mbele ukapinda. Mama Vifungo alicheka. Alisema vitu vipya vyote hubana mwanzoni.

Bibi alitoka wodini siku iliyofuata, saa yake ile ile, amekesha. Akafika kibandani akasimama. Alijaribu kulala upande mmoja; kiti kilikuwa kifupi, miguu ikaning'inia pengoni. Alijaribu kujikunja, akateleza, kwa sababu viti vilikuwa na mwinamo mdogo kuelekea mbele ambao jicho halikuuona. Mwisho alitandika khanga chini, kwenye saruji. Askari alimwacha nusu saa, halafu akaja na kumwambia kwa unyonge kwamba amepewa amri, chini pasilalwe, njia ya wenye viti iwe wazi.

Siku ile bibi hakuja kukunja nguo. Akalala amekaa, kichwa kinaanguka na kuinuka.

Ndani ya mwezi mmoja mabenchi yalikuwa yamepata jina. Watu hawakusema mabenchi ya manispaa, walisema mabenchi ya Mama Vifungo. Ubao mkubwa ulikuwa umesimamishwa getini wenye picha yake ndani ya pengo, anatabasamu, kola imesimama, na maandishi: *Tuliwasikiliza.* Kila aliyenyimwa pa kuegesha ubavu aliuona ubao ule kwanza. Mwanamke mmoja anayemuuguza mumewe alivuka barabara makusudi, akasimama mbele ya cherehani.

"Nyie mmepata nafasi zenu," alimwambia. "Wala hamzikalii. Sisi tukalale wapi?"

Mama Vifungo alianza kumweleza habari ya mteremko, lakini yule mwanamke hakuwa amekuja kusikiliza. Alisema kweli, isitoshe. Mapengo manane yalikaa matupu mchana kutwa. Mwenye kiti cha magurudumu akija hospitali, haji kubarizi. Anakwenda mlangoni, na mlangoni ngazi zilikuwa tatu vilevile.

Gurudumu lake lililopinda lilizidi kuvuta kushoto, ikabidi aende karakana. Cheche alimpokea kama siku zote, akamhamishia kwenye kigoda, akapindua kiti, akaanza kupasha uma moto. Mama Vifungo alikaa akitazama huku na huku. Ukutani, kwenye msumari, zilining'inia karatasi za michoro. Ya juu ilikuwa ya benchi. Alikuwa msomaji wa michoro. Kazi yake ni kusoma vipande vya nguo kabla havijawa nguo. Juu ya karatasi iliandikwa kwa mashine: *Benchi la kuzuia kulala, mchoro wa pili.* Mtu alikuwa amepitisha kalamu juu ya maneno hayo na kuandika pembeni kwa mkono: *Benchi jumuishi.*

Aliisoma mara mbili.

"Hii karatasi unayo tangu lini?"

Cheche alizima moto. Hakugeuka. "Tangu mwanzo, dada."

"Kabla ya mkutano wangu?"

"Siku ulipokwenda mkutanoni, mawili yalikuwa yamekwisha."

Akamweleza yote, akiyatoa kidogo kidogo kama mtu anayetoa miba. Uongozi ulikuwa umechoka na watu kulala kibandani, ukiona aibu mbele ya wageni. Mchoro wa kwanza ulikuwa na vyuma vya kuinuka katikati ya kiti, kama meno, lakini wakaogopa watu wa magazeti. Ndipo mmoja akasema liachwe pengo, na lichorwe alama, hakuna atakayethubutu kupinga. Ikabaki kutafuta mtu wa kukaa pengoni.

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa na furaha sana," Cheche alisema. "Ulishona mpaka gauni."

Aliushika uma kwa koleo, akaugeuza. Kisha Cheche akasema lile ambalo kila fundi hulisema: asingechomelea yeye, angechomelea mwingine.

"Angechomelea mwingine," Mama Vifungo alisema, "nisingekuwa nimekula naye sahani moja."

Alisubiri kiti kimalizike, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuondoka. Hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko yote. Mtu mwenye miguu akikasirika husimama akaenda zake. Yeye ilimpasa akae amekasirika, aliyemkosea amtengenezee gurudumu, amnyanyue kwa mikono ile ile, amkalishe, amkazie breki. Cheche alifanya kazi nzuri siku ile. Kiti kilinyooka kama mstari.

Kesho yake alikwenda manispaa. Ofisi ya afisa ilikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa imekufa miaka mingi, kwa hiyo alituma ujumbe, akangoja chini ya ngazi karibu na ndoo za mfagizi. Afisa alishuka baada ya saa nzima, akachuchumaa tena. Mara hii Mama Vifungo alimwomba asimame.

Alimwambia ameuona mchoro. Afisa hakukana, wala hakuona haya sana. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kuelezea. Alisema hospitali ni mahali pa tiba, si nyumba ya kulala wageni. Alisema kitu kimoja kinaweza kufanya kazi mbili, na pengo ni pengo, mwenye kiti analipata.

"Silitaki. Mimi nilisema ngazi na choo."

"Yameandikwa, mama. Ni awamu ijayo."

"Basi toeni picha yangu pale getini."

Afisa akafungua jalada alilokuja nalo, akamwonyesha karatasi ya mahudhurio. Ilikuwa ile ile, na sahihi yake ya mviringo mstari wa nne. Ila juu yake sasa palikuwa na kichwa cha habari ambacho siku ile hakikuwapo: *Wadau walioridhia mradi.*

"Ulitia sahihi, mama," alisema kwa upole. Upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi.

Mama Vifungo alijisukuma kurudi barazani. Hakulia njiani, aliogopa watu watamhurumia kwa sababu nyingine. Mchana, bibi alipotoka wodini akitafuta ukuta wa kuegemea, alimwita. Akamwambia abebe ubao wake wa kukatia nguo, ule mrefu wa mbao laini, wakavuka barabara pamoja. Wakaulaza juu ya benchi la kwanza, kutoka kiti cha huku mpaka kiti cha kule, pengo likafunikwa. Ulikaa sawasawa, mwinamo ukafa kwa kitambaa kilichokunjwa upande wa mbele. Bibi alipanda akajinyoosha. Mama Vifungo akaegesha kiti chake mbele ya benchi, akashona pindo kwa mkono, akimlinda.

Siku tatu ilikuwa hivyo. Watu walipokezana ubao. Yule mwanamke aliyevuka barabara kumsema alilala saa moja, akaamka, akakunja kile kitambaa bila kumtazama, kisha akasema asante akiwa ameshampa mgongo. Siku ya nne askari alikuja na barua mkononi. Akamnyooshea, akasema, "Dada, mimi natumwa tu."

Barua ilikuwa ya mistari sita. Ilimwonya yeye, kwa cheo cha fundi wa nguo, asiendelee kuziba nafasi zilizotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na kwamba akirudia ataondolewa eneo la hospitali pamoja na baraza yake. Mama Vifungo aliisoma akiwa amekaa ndani ya kiti cha magurudumu, mbele ya alama nyeupe ya mtu aliyekaa kwenye gurudumu. Alitaka kucheka, kicheko kikakataa. Ubao ulichukuliwa. Haukurudishwa.

Mvua za msimu zikaanza, saruji ya kibanda ikawa na unyevu kutwa. Bibi alipata kikohozi. Alikificha kwa sababu wenye vikohozi hufukuzwa wodini, mpaka asubuhi moja muuguzi alimkuta ameinamia kitanda cha binti yake, anahema kama aliyekimbia. Wakamlaza. Kichomi, walisema, mapafu yote mawili.

Mama Vifungo alikwenda kumwona. Akabebwa ngazi tatu na wanaume wawili asiowajua. Akamkuta bibi kitanda cha tatu kutoka kwa binti yake, shuka mpaka kidevuni, amebaki pua na macho.

"Umeona," bibi alisema, "hatimaye nimepata pa kulala."

Mama Vifungo alimwomba msamaha. Alimweleza habari ya mchoro, ya Cheche, ya sahihi, yote ambayo hakuwa amethubutu kumwambia. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akapumzika ili apate pumzi ya kujibu.

"Mwanangu, wewe huna kosa. Walikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Akakohoa. "Ila ile picha, kila nikitoka naiona. Najua si wewe, na bado naiona."

Hakufa. Aliruhusiwa wiki moja baada ya binti yake, na mgonjwa aliyekuwa akimuuguza ndiye aliyemwondoa: binti kwa magongo mawili, mama mtu ameshika ukingo wa gauni lake, mfupi kuliko alivyokuja. Walipita mbele ya baraza. Bibi aliinua mkono. Hakuvuka barabara, na Mama Vifungo hakujua kama ni kwa sababu hakuwa na nguvu.

Cheche alikuja mara mbili akiwa na maneno ya kusuluhisha, na mara zote mbili aliulizwa habari za watoto, akazijibu, akaondoka. Wanasalimiana. Gurudumu likiharibika, Mama Vifungo anampelekea fundi wa baiskeli mtaa wa pili, ambaye hajui kazi na humrudishia kiti kinachoyumba. Manispaa imempa Cheche kazi nyingine, mabenchi ya stendi na ya bustani, mapengo yale yale, na inasemekana kule amekwisha kupatikana kijana mmoja wa magongo wa kukaa kwenye picha. Mama Vifungo alitaka kumtumia salamu ya kumwonya. Kisha akakumbuka jinsi moyo ulivyomwenda yeye mwenyewe alipoambiwa sauti yake inatakiwa, akajua kijana hatasikia.

Ngazi ni tatu vilevile. Getini, jua limeufuta uso wake kwenye ubao, imebaki kola.

Barazani amepunguza eneo lake. Meza ya kukatia ameiinua juu ya matofali na kuisogeza ukutani, na chini yake ametandika magunia na mkeka. Asubuhi madaktari wakianza kupita, wanaouguza huvuka barabara mmoja mmoja, huinama, huingia chini ya meza, wakalala kwenye mlio wa cherehani. Mwenye duka la dawa hajasema kitu. Askari huangalia upande mwingine. Pale chini hutosha watu wawili, wakijikunja, na wengine huambiwa wangoje.